AKILI IKIPUNGUA, JE, MTU ANAPUNGUA?



Baada ya semina moja ya vijana hapa Mikumi, dada mmoja alibaki nyuma wakati wenzake wanapanga viti. Akaniambia: "Frateri, nina swali, ila naomba usinijibu haraka."

Familia yao ilihamia huku Kilosa kutoka upande wa Mahenge. Mdogo wake wa kiume alianza shule vizuri tu. Alijua kusoma, na nyumbani yeye ndiye aliyekuwa anaongoza sala kabla ya chakula. Baadaye akaanza kusinzia kichwa akiwa anakula, halafu akawa anaanguka kifafa. Sasa ni kijana mkubwa, lakini hawezi kuhesabu hadi kumi, na siku nyingine analisahau jina la dada yake. Ndugu walichangishana wakampeleka kupigwa picha ya ubongo. Daktari aliwaelezea kwa upole kwamba ubongo una makovu na umesinyaa kiasi. Waliporudi, mtu mmoja akamshauri mama yao asihangaike tena kumpeleka kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza: "Huyo anajua nini?"

Swali la dada lilikuwa hili: "Kama ubongo wake umesinyaa, na yeye amesinyaa? Mimi nampenda nani sasa, yule wa zamani au huyu?"

Ameniruhusu niliandike, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili familia isijulikane. Jibu langu kwa kifupi ni hili: akili yake imepungua, yeye hajapungua. Lakini jibu hilo ukilitoa haraka linageuka kuwa maneno ya msibani, yale ambayo kila mtu anayasema na hakuna anayeyaamini. Kwa hiyo tulifikirie vizuri. Mimi naona kuna makosa mawili yanayopingana kabisa, na ajabu ni kwamba yote mawili yanamwacha mtoto yuleyule nje ya mlango.

Ugonjwa wenyewe

Tuanze na ukweli wa mambo, maana imani haiogopi ukweli.

Ukitoka hapa Mikumi kwa barabara inayokata kusini, unapita Kidatu, unafika Ifakara, unavuka Mto Kilombero kwenye Daraja la Magufuli, kisha unapanda milima hadi Mahenge. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kutoka Norwei aitwaye Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa. Alikuta wagonjwa wengi kuliko alivyotarajia, na wengi walikuwa na makovu ya moto kwa sababu walianguka jikoni na watu waliogopa kuwagusa. Iliaminika kwamba mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Wapo waliokuwa wanakula peke yao na kulala peke yao.

Kati yao aliona watoto wenye dalili ya pekee: kichwa kinaanguka mbele na kuinuka, kinaanguka na kuinuka, kama mtu anayepigwa na usingizi mchana. Wenyeji walishakuwa na jina lake: amesinzia kichwa. Miaka mingi baadaye ugonjwa huohuo, au unaofanana nao sana, ulionekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, katika wilaya kama Kitgum, Pader na Lamwo. Dunia nzima ikaanza kuuzungumzia, lakini Mahenge walikuwa wanaujua tangu zamani.

Unawashika watoto waliokuwa wazima, wengi wakiwa kati ya miaka 5 na 15. Mara nyingi kichwa kinaanza kusinzia mtoto anapowekewa chakula, au anapohisi baridi. Waliopima umeme wa ubongo waligundua kwamba huko kusinzia ni kifafa chenyewe: misuli ya shingo inalegea ghafla. Baadaye wengi wanapata na kifafa cha kuanguka. Wengine wanadumaa, wanaacha shule, maneno yanapungua, kumbukumbu zinapotea.

Chanzo bado kinachunguzwa, lakini vidole vingi vinaelekea kwenye usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Na hapa sisi wa Kilosa tusijione tuko mbali, maana wilaya yetu nayo imo katika maeneo ya usubi ya nchi hii, pamoja na Mahenge, Tukuyu, Ruvuma na Tanga. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti kutoka Mahenge ulioonyesha kwamba hata baada ya miaka 20 ya kugawa dawa ya Mectizan, kifafa bado kilikuwa kingi katika vijiji vilivyopimwa. Kaskazini mwa Uganda, walipogawa dawa kwa bidii na kuwapiga inzi kwenye mito, wagonjwa wapya walipungua mno. Yaani mkono wa binadamu unaweza kufanya kitu.

Picha inaona nini?

Mashine ya MRI inatumia sumaku yenye nguvu kubwa na mawimbi ya redio kuchora sehemu laini za ndani ya mwili. Kwa familia nyingi za Mikumi na Kilosa, picha hiyo maana yake ni safari ya Dodoma au Dar es Salaam, na nauli, na kulala kwa ndugu. Katika utafiti wa Mahenge uliochapishwa mwaka 2008, wagonjwa 12 walipigwa picha hiyo. Baadhi yao walikutwa na makovu kwenye ubongo, na wengine mabadiliko kwenye hipokampasi, sehemu inayosaidia sana kumbukumbu. Kwa watoto wa Uganda madaktari waliona ubongo uliosinyaa. Kisha mwaka 2018, watafiti waliochunguza ubongo wa watoto waliofariki huko Uganda walikuta protini iitwayo tau imejikusanya, protini ileile inayoonekana kwa wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer. Fikiria hilo: jambo la uzeeni kwenye kichwa cha mtoto wa shule ya msingi.

Kwa hiyo daktari hakumdanganya yule dada. Ubongo wa mdogo wake umeumia kweli.

Ila picha ina mipaka. Huko Marekani mwaka 1986 ulianza utafiti ambao ulikuja kuwashirikisha masista 678 wa Shirika la School Sisters of Notre Dame. Walikuwa wazee wa miaka 75 na zaidi, na walikubali kupimwa akili mara kwa mara na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Wapo ambao ubongo wao ulikutwa umeharibika vibaya, lakini hadi siku zao za mwisho walikuwa wanafikiri vizuri na kufanya kazi zao. Wengine uharibifu mdogo tu ulikuwa umewaangusha. Ukiishika picha mkononi bado hujamjua sista.

Picha inaonyesha kiungo. Haionyeshi kinachotokea kwa yule kijana anaposikia sauti ya mama yake mlangoni na kugeuza shingo. Hilo siyo kwa sababu mashine ni mbovu. Ni kwa sababu swali "huyu ni nani?" siyo swali la mashine.

Kosa la kwanza: mtu ni ubongo wake tu

Kosa la kwanza linasema hivi: mtu ni akili yake, akili ni ubongo, kwa hiyo ubongo ukipungua robo, mtu naye amepungua robo. Hakuna anayelisema waziwazi hivyo, lakini tunaliishi. Tunalisema tunapomwita mgonjwa "huyo amebaki mwili tu".

Kosa hili lina wazee wake wa heshima. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alifundisha kwamba kinachomfanya mtu kuwa mtu yuleyule ni ufahamu wake: anakumbuka jana yake, ndiyo maana leo ni yeye yule wa jana. Inaonekana sawa mpaka uipeleke nyumbani kwa yule dada. Mdogo wake haikumbuki tena siku aliyoongoza sala. Je, aliyeongoza sala alikuwa mwingine? Na wewe, ukiwekwa usingizi kwa ajili ya upasuaji, unakuwa nani kwa zile saa tatu? Na mtoto tunayembatiza akiwa na wiki mbili, hana kumbukumbu wala hoja hata moja, padre anamwita kwa jina la nani?

Hapa mtu makini ataniuliza, na ana haki: "Frateri, si ninyi wenyewe mnafundisha kwamba mwanadamu ni mfano wa Mungu kwa sababu ana akili na utashi? Sasa akili ikiondoka, mfano unabaki wapi?" Hili ni pingamizi zito. Halitoki kwa wapagani, linatoka ndani ya nyumba yetu.

Jibu linaanza kwa Boethius, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 6. Alipotafuta maana ya nafsi, hakusema ni yule anayefikiri sasa hivi. Alisema kwa maana hii: ni huyu mmoja, asiyegawanyika, ambaye asili yake ni ya kiakili. Angalia neno asili. Kuwa na asili fulani ni jambo moja, kuitumia ni jambo jingine.

Naomba ufikirie na mimi mfano huu. Mbuzi hajui kuhesabu hadi kumi. Je, mbuzi anaumwa? Hapana. Hakuna anayempeleka mbuzi hospitali kwa sababu hajui hesabu. Jiwe halikumbuki jina la dada yake, na hakuna anayelilia jiwe. Lakini kijana huyu akishindwa kuhesabu, mama analia, baba anauza mahindi, ndugu wanachangishana. Kwa nini? Kwa sababu sote tunajua kwamba kuhesabu ni kwake, kukumbuka ni kwake, na sasa kuna kitu kinamzuia. Huwezi kunyimwa kitu ambacho hakikuwa chako. Hata kumwita mgonjwa ni kukiri kwamba bado ni kiumbe mwenye asili ya akili. Angekuwa ameacha kuwa mtu, asingekuwa mgonjwa. Angekuwa kitu kingine tu, na kizima.

Kwa hiyo machozi ya mama yule ni hoja ya kifalsafa, ingawa mwenyewe hajui. Yanapinga ile "huyo anajua nini" vizuri kuliko mimi na shahada yangu.

Kanisa limelisema hili kwa lugha yake mwaka 2024 katika tamko la Dignitas Infinita. Linatofautisha hadhi za aina nne. Ipo hadhi ya kimaadili, ambayo naweza kuichafua kwa dhambi. Ipo hadhi ya kijamii, ambayo umaskini na unyanyasaji vinaweza kuikandamiza. Ipo hadhi ya hali ya maisha, ambayo ugonjwa mzito unaweza kuitikisa hadi mtu ajione hana maana. Lakini chini ya hizo zote ipo hadhi ya kuwepo kwake tu, kwa sababu ameumbwa na kupendwa na Mungu, na hiyo hakuna kinachoipunguza. Ugonjwa wa kusinzia kichwa unagusa hadhi hizo nyingine. Huo msingi haufikii.

Kosa la pili: mwili ni gari, roho ni dereva

Sasa wengi wetu, kwa kulikimbia kosa la kwanza, tunaruka na kuangukia la pili. Nimelisikia kwenye semina, na hata kwenye mahubiri ya mitandaoni: "Mwili ni gari tu, roho ndiyo dereva. Gari likiharibika, dereva yuko salama." Linapendeza, linafariji, na siyo imani Katoliki.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alilikataa. Kwake roho haikai ndani ya mwili kama dereva ndani ya basi. Roho ndiyo inayoufanya mwili huu uwe mwili ulio hai, mwili wa mtu huyu. Anafika mbali kiasi cha kusema kwamba roho yangu peke yake siyo mimi mzima. Ndiyo maana tunasubiri ufufuko wa mwili, na kila Dominika tunaukiri kwenye Kanuni ya Imani. Kama mwili ungekuwa gari, kufufuliwa kungekuwa kurudishiwa gharama isiyo ya lazima.

Thomas huyohuyo, katika sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 84, anaeleza kwamba akili yetu katika maisha haya haiwezi kufikiri bila kurudi kwenye taswira zinazotunzwa na hisi za ndani, na hizo zina kiungo cha mwili. Kiungo kikiumia, anasema, mtu anazuiwa kufikiri hata mambo aliyokuwa anayajua. Thomas alifariki mwaka 1274. Hakuwahi kuona MRI, lakini picha ya yule kijana isingemshangaza hata kidogo. Angesema: ndivyo nilivyofundisha.

Sasa kwa nini kosa hili ni la hatari? Kwa sababu linazaa uzembe wenye sura ya utakatifu. Kama anayeumia ni gari tu, basi vidonge siyo muhimu, muhimu ni maombi. Wapo wagonjwa wa kifafa wanaoambiwa waache dawa "waonyeshe imani". Wanaacha. Baada ya siku chache wanaangukia motoni. Wengine wanaambiwa wana pepo, wanazungushwa kwa waombeaji na kwa waganga, na kila mshtuko usiotibiwa unaendelea kuuumiza ubongo.

Tuisome Injili kwa utulivu. Katika Marko 9 baba mmoja anamleta mwanawe anayeanguka, anayetoka povu, anayetupwa motoni na majini. Tafsiri yetu ya Kiswahili ya Mathayo 17:15 inatumia neno kifafa. Najua Injili inazungumzia pia pepo katika tukio hilo, na sitalifuta neno la Injili ili niwapendeze madaktari. Lakini tazama alichofanya Yesu kabla ya kuamuru chochote. Alimgeukia baba, akamuuliza tatizo hili lilimwanza lini. Baba akajibu kwamba tangu utotoni, akaendelea kueleza. Bwana wa uhai wote anachukua historia ya mgonjwa, kama tabibu wa zahanati na daftari lake! Hakumuuliza mtoto amefanya dhambi gani. Hakumuuliza mama alikosea wapi. Na mwishoni anamshika mkono na kumwinua. Wakati wengine wanaogopa mate na povu, Yeye anashika mkono.

Kanisa lenyewe, katika Katekisimu namba 1673, linaagiza kwamba kabla ya kufikia kupunga pepo, ni lazima kwanza kuhakikisha kwamba siyo ugonjwa. Na Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuelekeza kumwomba Mungu na kumwachia daktari nafasi yake pia, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Kumeza kidonge cha kifafa kila jioni, bila kuruka, ni kuutunza mwili ambao Mungu atauinua. Kidonge hicho kinamhudumia mtu mwenyewe.

Unaona sasa makosa haya mawili yanavyokutana? La kwanza linasema: ubongo umekwisha, mtu amekwisha, tusihangaike. La pili linasema: ubongo siyo mtu, tusihangaike nao. Mmoja anadharau roho, mwingine anadharau mwili, na kijana anabaki amekaa peke yake ukutani na sahani yake.

Nampenda nani sasa?

Narudi kwenye nusu ya pili ya swali la dada. Yule wa zamani au huyu?

Dada yangu, hawako wawili. Ni mmoja, ana historia moja, na sura zake za mwanzo bado ni zake hata kama haziwezi kusomwa na yeye leo. Wewe unazikumbuka. Unaposema "huyu ndiye aliyekuwa anaongoza sala", husimulii habari za marehemu. Unamtunzia mtu aliye hai kitu chake.

Wahenga wetu walisema mtu ni watu, na hapa ni kweli: kumbukumbu ya mmoja ikivuja, wengine wanakinga. Lakini methali hiyo tuitumie kwa uangalifu. Sisi hatumfanyi awe mtu kwa kumpenda. Kama upendo wetu ndio ungemfanya mtu, basi mtoto aliyetelekezwa na wote angekuwa siyo mtu, na waliomtelekeza wangekuwa hawana kosa. Mambo ni kinyume: ni mtu kwanza, ndiyo maana kumtelekeza ni dhambi. Sisi tunamtambua tu. Na siku ambayo dada naye atazeeka na kusahau, yupo Mmoja asiyesahau.

Huzuni yako, pia, usiifiche kwa Aleluya. Umepoteza mengi kweli: mazungumzo, utani, ndoto za kumwona anavaa joho. Kusema "hajapungua" siyo kusema "hakuna kilichopotea". Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro huku akijua atamfufua.

Na Komunyo je?

Mimi ni frateri, siyo paroko, na uamuzi wa sakramenti una wenyewe. Lakini vijana wajue Kanisa linafundisha nini, ili "huyo anajua nini" isichukuliwe kuwa ndiyo sheria.

Sheria za Kanisa, kanuni ya 777, zinamtaka paroko ahakikishe kwamba mafundisho yanatolewa pia kwa wenye ulemavu wa mwili au wa akili, kwa kadiri hali yao inavyoruhusu. Hazisemi waondolewe darasani. Kanuni ya 913 inataka watoto wawe na ujuzi na maandalizi kwa kipimo cha uwezo wao. Na kwa aliye katika hatari ya kufa inatosha aweze kutofautisha Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida na kuupokea kwa heshima. Thomas naye, katika sehemu ya tatu, swali la 80, anatofautisha. Wale ambao akili yao ni dhaifu lakini wanaweza kuwa na ibada kwa sakramenti, wasinyimwe. Wale waliokuwa na akili zamani wakaonyesha ibada, kisha wakaipoteza, wapewe saa ya kufa, mradi hakuna hatari ya kuitapika. Na kanuni ya 1005 inasema kuhusu Mpako wa Wagonjwa: ukiwa na shaka kama mtu amefikia matumizi ya akili, mpe.

Unauona mwelekeo? Mama Kanisa haulizi kwanza "atafaulu mtihani wa katekisimu?" Anauliza: je, anautofautisha mkate huu na ugali wa nyumbani? Kijana anayenyamaza kengele inapolia, anayepiga magoti mwenyewe bila kusukumwa, anaweza kuwa ameshajibu. Mama yake aende kwa paroko, aeleze anachokiona kwa mwanawe. Aende na katekista mwenye subira. Aende tena.

Na tusisahau: kifafa hakiambukizwi kwa mate. Hakuna sababu ya mtu kuhama benchi.

Tufanye nini, vijana?

TYCS, VIWAWA, wanakwaya, ninyi mnaosoma hapa kwa simu, naomba mambo machache tu.

Jueni huduma ya kwanza. Mtu akianguka kifafa, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, mweke laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, kaa naye. Usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu. Ikizidi dakika tano, mkimbizeni hospitali.

Mgawa dawa za usubi akipita mtaani, mezeni mkiwa kwenye kundi linalostahili, na msimcheke. Kinga hiyo inaweza kuwa ya mtoto ambaye hajazaliwa.

Kwenye jumuiya ndogondogo, ulizeni nyumba ipi ina mgonjwa ambaye haletwi. Kisha nendeni. Mmoja amsindikize kliniki tarehe yake ya dawa, mwingine amsaidie mama kuinua jiko kutoka chini ili moto usiwe hatari. Kaeni mle naye sahani moja. Kwa ugonjwa unaoanza mtoto akiwekewa chakula, kula naye ni katekesi kubwa.

Na mkimsikia mtu anasema "huyo anajua nini", mwulizeni kwa heshima: na wewe, siku ulipobatizwa, ulikuwa unajua nini?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyemshika mkono kijana aliyeanguka, washike na hawa wa kwetu, wa Mahenge na wa Kilosa. Wape waganguzi hekima, wape wazazi nguvu ya kesho. Yale waliyoyasahau uwatunzie Wewe hadi siku ya ufufuko. Na sisi utuondolee woga wa kuwagusa. Amina.

Frateri wenu,
Mikumi